Nje ya Mstari wa Njano

Mstari wa njano niliuchora mwenyewe, Jumapili moja ghala likiwa limefungwa, kwa brashi mpya na uzi wa fundi ujenzi ili usipinde. Ulipokauka nikaona sehemu moja karibu na mlango rangi imevimba, nikaikwangua kwa wembe na kurudia. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango wa chumba changu narudi kuusukuma, na nikishafika barabarani narudi tena.

Kazi yangu hapa Karatu ni kusimamia ghala la mbaazi na maharage. Magunia yanatoka Endabash na vijiji vya jirani, yanapangwa juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao yanayoyainua kutoka sakafuni, kisha yanapakiwa kwenye malori ya kwenda Arusha. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikisimamisha na kurudisha nyuma, nione gunia la juu linavyolalia maungio ya magunia ya chini, nailoni inavyozungushwa, na vile vipande vya karatasi ngumu vinavyowekwa kwenye kona ili kamba isikate. Nilipoanza, vibarua walikuwa wanazitupa paleti kutoka juu ya lori. Mbao zilipasuka, misumari ikachomoza, na watu wale wale wakazikanyaga kwa ndala.

Nikaweka sheria. Anayevuka mstari wa njano awe amevaa buti. Paleti ibebwe na watu wawili. Isiegemezwe ukutani kwa ubavu, kwa sababu ikianguka inaanguka kwenye kifundo cha mtu. Kila asubuhi nilipitisha kiganja juu ya kila ubao nikitafuta msumari. Paleti iliyopasuka niliipiga alama nyekundu na kuitoa nje, nyuma ya ukuta. Ikishatoka, nilihesabu imekwisha. Ghala langu lilikuwa salama.

Vibarua wakaniita Mkaguzi. Wengi wao wametoka Singida na Mbulu. Mmoja anatoka Endulen, kijana mrefu wa familia ya wafugaji, na siku ya kwanza ya buti alizivua katambuga zake za tairi polepole, akazipanga mlangoni kama anayeaga wageni.

“Hizi zimekanyaga miiba yote ya Endulen, Mkaguzi,” akasema. “Leo zimefukuzwa na rangi.”

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kama amefunga kamba za buti.

Nyuma ya ukuta huo huo alikuwa anapika mama mmoja kutoka Singida, wa umri wa mama yangu. Ndiye aliyetulisha sote: ugali, maharage, mchicha, na chai ya asubuhi. Alikuwa na mafiga matatu, sufuria mbili, na turubai lililofungwa kwenye bomba la maji ya mvua. Kwa kuwa alivaa ndala, mchana alisimama nje ya mlango na kutupitishia sahani juu ya mstari. Siku moja aliunyoosha mkono wenye sahani, akausimamisha hewani.

“Mkaguzi, mkono wangu umevuka. Nao niuvalishe buti?”

Hapo hata mimi nilicheka. Lakini nilimwambia pia asisogee zaidi.

Kisha kikaja kipindi chakula kikawa kinachelewa. Saa ya kula inafika, vibarua wamekaa kwenye magunia, sahani hazionekani. Halafu nikaona haziletwi na mama tena. Yule wa Endulen ndiye aliyekuwa anatoka kuzifuata, akirudi nazo zimepangana mkononi.

“Kwa nini unaacha kazi?” nikamuuliza.

“Namsaidia mama.”

“Mama ana nini?”

“Amechoka tu, Mkaguzi. Watu huwa wanachoka.”

Nilitoka hadi kwenye kona ya ukuta, nikamwambia mama, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, kwamba shikamoo, na kwamba chakula kikichelewa lori nalo linachelewa. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, kitenge kimefunika miguu hadi chini. Akasema marahaba, akasema nimsamehe, kesho atawahi. Sikuuliza kwa nini mtu anayepika amekaa mbali vile na moto wake. Niliona gunia tupu limefunika rundo la kitu pembeni yake, na kitu pekee nilichofikiri ni kwamba lile gunia ni letu.

Nilikuja kujua kwa sababu ya ndala. Nina tabia ya kuangalia viatu vya watu, siwezi kuiacha. Asubuhi moja nilipita nyuma kutupa paleti nyingine yenye alama nyekundu, nikaiona ndala ya kushoto ya mama imening'inizwa kwenye waya wa turubai, imeoshwa, inakauka. Ilikuwa na tundu. Tundu la mduara, karibu na pa kisigino, limetokea upande wa pili. Ukingo wake ulikuwa umechanika kwa mzunguko. Misumari ya paleti imesokotwa kama parafujo ili ising'oke, na nimeing'oa mingi mno kiasi kwamba naijua alama yake. Nikasimama pale nimeikumbatia paleti.

Mama alikuwa anakoroga chai, amekaa.

“Mama, mguu una nini?”

“Hauna kitu, baba. Nimejikwaa.”

“Kwenye nini?”

Akawatazama vibarua waliokuwa wanakunywa chai. Nao wakatazama vikombe. Ndipo nilipoelewa kuwa wote walijua, na aliyekuwa anafichwa ni mimi.

Mama akalivuta lile gunia. Chini yake zilikuwa mbao za paleti zangu, zimekatwakatwa kwa panga, alama nyekundu bado zinaonekana.

“Zilizobaki nitazirudisha,” akasema. “Nyingine nimeshazichoma, siwezi kukudanganya. Nilijua ungeuliza. Nisamehe, baba.”

Alikuwa na jeraha mguuni, na alikuwa ananiomba mimi msamaha. Alidhani ameniibia. Rangi nyekundu, ambayo kwangu ilimaanisha jihadhari, yeye aliiona mikononi mwa mtu anayekagua hata kamba za viatu, akaamua kuwa ni mali inayohesabiwa. Kila jioni alivunja mbao hizo haraka haraka kabla sijafunga mlango, na kwenye haraka hiyo ndipo alipokanyaga msumari. Hata kwenda kutibiwa hakwenda, maana angeulizwa amechomwa na nini, na jibu lingenifikia.

Ningeweza kusema lolote pale. Ningeweza kusema pole. Nilichosema, na nakisikia mpaka leo nikiwa napiga mswaki, ni hiki:

“Kwa nini hukuvaa buti?”

Kisha yule wa Endulen akaweka kikombe chini.

“Mkaguzi,” akasema bila hasira, “wewe hata kwenye msiba utauliza marehemu alivaa viatu gani.”

Hakuna aliyecheka.

Mama akafungua kitenge kidogo tu, mguu ukaonekana. Ulikuwa umevimba hadi kifundoni, ngozi inang'aa, na pale kisigino aliposhindilia kitambaa na majani palikuwa na usaha. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nikimshikilia, mguu ameunyoosha pembeni, na dereva akaendesha kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli. Hospitali walimchoma sindano ya pepopunda, wakapasua kidonda na kukisafisha. Daktari alisema mguu utapona, ila kama angekaa nao nyumbani tungekuja kuongea mengine. Akasema pia asiukanyagie mpaka ufunge.

Nilidhani mama atauliza habari za mguu. Alipotoka chumbani alinishika mkono wa shati.

“Baba, nafasi yangu usimpe mtu.”

Sikuwahi kufikiri kwamba nafasi ile ilikuwa mikononi mwangu. Yeye alikuwa anafikiri hivyo kila siku. Kila alipocheka na mimi pale mstarini, alikuwa anacheka na mtu anayeweza kumwondoa.

Nikamwambia hakuna atakayeichukua, lakini sikujua ningefanyaje. Akina mama wanaotafuta pa kupikia karibu na maghala ni wengi, na jiko lililopoa halina mwenyewe. Waliolinda nafasi ni vibarua. Kila asubuhi yule wa Endulen aliwasha moto kwenye mafiga ya mama, akabandika sufuria yake, akachemsha chai mbaya kupita zote nilizowahi kunywa. Mchana walikaa pale pale na mandazi na ndizi, ingawa ndani kulikuwa na kivuli. Mama mmoja alipita na sufuria kichwani, akauliza kama pako wazi.

“Pana mwenyewe,” wakamjibu. “Anakuja sasa hivi.”

Mimi nilichuchumaa pembeni na kucha ya nyundo, nikang'oa misumari kwenye mbao zilizobaki, halafu kwenye paleti zote nilizokuwa nimezitupa tangu nianze kazi. Nilijaza kopo la rangi. Nilipomaliza nilipitisha kiganja juu ya kila kipande, nikarudia, na kipande cha chini kabisa kilikuwa bado na msumari mmoja.

Mama amerudi. Anachechemea kidogo asubuhi za baridi, kisha mguu unapata joto. Buti nilizompelekea anavaa akienda shamba. Jikoni anasema zinamchemsha, anavaa ndala mpya. Sasa paleti ikipasuka haitoki kabla sijaing'oa misumari yote, na mbao nazipeleka mwenyewe hadi kwenye mafiga, nimezikata saizi ya jiko. Mbele ya wote nimemwambia ni zake. Nimemwambia zaidi ya mara moja.

Wiki hii nilizunguka ukuta nikiwa nimebeba fungu jingine. Alisikia buti zangu kwenye kokoto kabla hajaniona. Nilipofika kwenye kona, mkono wake ulikuwa tayari umelivuta gunia, unazifunika kuni.

“Mama, hizo ni zako.”

“Najua, baba,” akasema. “Karibu chai.”

Na gunia hakulitoa. Nikaweka fungu chini, mbali kidogo na miguu yake, nikapokea kikombe.