Jenereta Anyoosha Sauti

Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini halitumiki mara nyingi. Wenzake wa kule anakofanya udobi wanamwita Jenereta. Wateja wanamwita Jenereta. Hata mumewe, dereva wa lori ambaye nyumbani huingia kama mgeni, akipiga simu husema, "Jenereta wangu, umeamkaje?" Na msije mkadhani ni habari ya umbo. Ni mwanamke wa kadiri, mikono imara kwa kukung'uta mashuka, shingo ndefu kidogo. Jina limetoka kooni. Akiimba, sauti hutoka kubwa, nayo yote hutetemeka, mwanzo mpaka mwisho, kama jenereta ya dukani umeme ukikatika. Glasi kabatini nazo huitikia.

Na kuimba haachi. Huanza na kola ya shati, huja mabegani, huenda mikononi, humalizia mgongo, pasi ya mvuke ikihema, na kila kipande kina wimbo wake. Mashine kubwa ikianza kukamua mashuka ya hoteli, chumba kizima kinanguruma. Yeye huipandishia sauti juu kwa juu, maana kushindwa na chombo hakubali. Siku moja mteja aliyeleta suruali alisimama mlangoni akasikiliza, akauliza, "Mmenunua mashine mpya?"

"Hapana," alijibiwa, "ile ni ya siku nyingi. Ila haijawahi kugoma."

Sasa muziki wenyewe ni roki. Ndiyo, roki: ya magitaa yanayokwaruza na wanaume wenye nywele mpaka mabegani wanaolia kama waliobanwa vidole na mlango. Ugonjwa huo aliurithi kwa baba yake, fundi redio, aliyekuwa na katoni nzima ya kaseti za namna hiyo chini ya kitanda. Binti alikua nazo. Maneno hakuyaelewa hata moja, lakini alimeza kila kitu kama kilivyotoka kwenye spika, kilio na mtetemo wake. Ukimwuliza alisoma wapi kuimba, atakuambia: kwa baba, sakafuni, karibu na redio.

Bendi yao inaitwa Paa la Bati, kwa kuwa wanafanyia mazoezi chini ya paa la bati, katika karakana ya shemeji yake. Huyo shemeji, mume wa dada yake mkubwa, ni fundi wa madirisha ya alumini, naye ndiye mpiga gitaa na msemaji wa mwisho wa mambo yote. Dramu anapiga Bucha, ambaye kazi yake mnaijua kwa jina lake. Besi iko mikononi mwa nesi mmoja mpole, mtu wa kutikisa kichwa tu, ya kusema huyaacha kwenye nyuzi.

Kwa muda mrefu walikuwa bendi ya sikukuu za kuzaliwa na ya majirani wavumilivu. Halafu mwenye ukumbi mkubwa wa mjini, uliokuwa umefungwa kwa ukarabati, akawataka wapige siku ya kuufungua upya. Shemeji mtu akakosa usingizi. Jumamosi iliyofuata aliweka simu juu ya mbao na kurekodi mazoezi, hasa ule wimbo wao wa polepole, wa zamani, waliouvika maneno yao. Mwisho wake kuna neno moja linalobeba wimbo mzima: *fungua*. Mtu yuko nje ya mlango, anaomba afunguliwe, basi.

Walipomaliza, aliwasikilizisha.

"Haya, shemeji, unasikia nini hapo?"

"Nasikia mtu anayejua kuimba," alisema Jenereta.

"Mimi nasikia sauti isiyokaa kitako. *Fungua* linaingia linatetemeka, linakaa linatetemeka, linatoka linatetemeka. Msikilizaji ashike wapi?"

"Shemeji, roki ndivyo ilivyo. Ukitaka kilichonyooka, rudi kwenye madirisha yako. Nenda kamsikilize mwenye wimbo."

"Tumsikilize basi," alisema Bucha, naye ni mtu anayependa ugomvi wa wengine. Akautafuta wimbo wa asili kwenye simu yake, akaupandisha.

Yule mwimbaji wa zamani alifika pale pale mwisho, akalishika neno lake, na sauti ikasimama wima kama nguzo. Ikakaa. Ikakaa tena, mpaka mtu unaanza kujiuliza atapumua saa ngapi. Ndipo pale mkiani ikatetemeka kidogo tu, mara moja, ikakatika.

"Huyo si yeye," alisema Jenereta. "Huyo ni mtu anayemwigiza."

Bucha alicheka mpaka kiwiko kikagonga sahani ya dramu. Shemeji hakucheka.

"Ule ukumbi tukiharibu, hatuitwi tena," alisema. "Binamu yangu, yule muuza viatu, wimbo anaujua. Nitamwita awe tayari. Sauti yako ikitulia, maiki ni yako. Isipotulia, ataimba yeye, na wewe utaitikia nyuma."

Kuitikia nyuma! Ndugu zangu, kuna watu wamezaliwa kuitikia nyuma na wanaifanya kazi hiyo vizuri sana, Mungu awabariki. Jenereta si mmoja wao. Kusimama mbele na maiki ile ndicho kitu pekee katika wiki nzima kisichokuwa cha mteja, wala cha mume, wala cha hoteli. Alibeba mkoba wake bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevimba kama unga uliotiwa hamira?"

"Ile kaseti ya kijani, yenye wimbo wetu wa polepole, iko wapi?"

Ilikuwa mahali pake, chini ya kitanda, na redio kaseti ilikuwa pale pale juu ya kabati. Akaitumbukiza, akabonyeza, wimbo ukatoka. Na ulipofika mwisho, mwimbaji alitetemeka, jamani! Alitetemeka tangu herufi ya kwanza, gitaa nalo likitetemeka pamoja naye, na dramu kwa mbali kama mtu anayetembea kwenye matope.

"Si unasikia?" Jenereta aliruka. "Nilisema mimi! Si unamsikia mwenyewe?"

"Nasikia," alisema baba yake polepole. "Ana homa."

Binti akatoa simu, akauweka wimbo ule ule kando ya redio. Ikawa huku nguzo, huku homa. Mzee aliinamisha sikio huku, akaliinamisha kule. Kisha alichukua bisibisi na kufungua mgongo wa redio. Ndani, pale panapokaa mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, palikuwa na kipande cheusi, kinene upande huu, chembamba upande ule, kimechoka kama mpira wa kaptula ya zamani. Gurudumu lilikuwa likivutwa, likilegea, likivutwa, likilegea.

"Hii nini, baba?"

"Tyubu ya baiskeli. Niliikata mwenyewe. Mkanda wake halisi ulikatika wewe hujaota meno."

"Na hukuweka mwingine? Fundi mzima?"

"Iliyokuwepo ilikuwa ya wateja."

Ndiyo maana wakasema mganga hajigangi. Redio za mtaa mzima ziliimba sawa sawa kwa mikono ya mzee yule, isipokuwa ya nyumbani kwake, na yeye mwenyewe miaka yote alidhani wale wenye nywele ndefu ndivyo walivyoumbwa.

"Kwa hiyo mimi nimefundishwa kuimba na tyubu ya baiskeli," alisema Jenereta.

Mzee alifikiri. "Tyubu nzuri lakini. Ya baiskeli mpya."

Walicheka mpaka mzee akatafuta kiti. Ila njiani kurudi kwake kicheko kilimwisha Jenereta. Alikuwa anajiuliza swali dogo lenye miiba: nikiutoa mtetemo huu, chini yake kuna sauti?

Wiki ile kazini alijaribu kujibu. Alianza kwa kuishika noti isitikisike, ikamshinda papo hapo. Sauti iliyonyooka aliiona kama kwenda sokoni nywele zikiwa nusu zimesukwa: kila mtu anaona. Na mtetemo ulikuwa ukija wenyewe, kama chafya. Ukiuzuia shingoni unatokea kwenye taya, ukiuzuia kwenye taya unashuka mabegani.

"Unaumwa?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili. "Mbona unaguna tu?"

"Nanyoosha."

"Shati?"

"Na mimi mwenyewe."

Baadaye kidogo aligundua mahali pa kushikia. Si kooni. Akiibana pumzi kwa nguvu, sauti ilitikisika zaidi. Akiiachia taratibu, mabega chini, taya limelegea, sauti ilipata pa kulalia. Akajiwekea sheria yake: pasi ikipita mgongo wa shati, kuanzia kola kushuka, noti iwe wima. Ikifika kwenye pindo, ruhusa kutetemeka, na hapo kidogo tu. Mashati mengi ya watu yalipigwa pasi kwa neno *fungua* wiki ile. Na akagundua jambo lingine lililomshangaza: ule mtetemo wa mwisho, sasa alipokuwa anauita yeye na kuufukuza yeye, ulikuwa mtamu kuliko ule wa zamani. Zamani alikuwa anatetemeshwa. Sasa anatetemesha.

Jumamosi alifika karakanani kifua mbele. Muuza viatu alikuwa ameshafika, dada mmoja mcheshi, sauti laini kama mafuta ya nazi, na viatu ambavyo vumbi la alumini halikuvistahili. Wakasalimiana vizuri, maana ugomvi haukuwa wao.

Wakapiga. Jenereta akalifikia *fungua*, akalisimamisha wima. Nesi wa besi aligeuza kichwa, na kwa nesi yule hiyo ni hotuba. Kule mkiani akaliachia litetemeke kidogo. Na papo hapo kitu kikavurugika, kama supu mbili zilizomwagwa sufuria moja.

"Bado!" Shemeji aliinua mikono. "Bado inatetemeka!"

"Nimetikisa mkia tu, shemeji!"

"Basi mkia umekuwa ng'ombe mzima."

"Ngojeni," alisema Bucha. Safari hii alikuwa amerekodi yeye. Waliinamia simu wote, vichwa vikikaribia kugongana, wakausikiliza mkia ule mara ya kwanza, wakaurudia. Sauti ya Jenereta ilitetemeka taratibu. Na juu yake, kwa kasi nyingine kabisa, kulikuwa na kitu kingine kinachotetemeka.

Bucha akaanza kutabasamu. "Fundi," alimwambia mpiga gitaa, "hebu nionyeshe kidole chako. Mwisho wa noti huwa unakifanya nini?"

"Natikisa waya. Gitaa lazima lilie."

"Kila noti?"

"Karibu... karibu kila noti."

"Basi karakana hii ina jenereta mbili," alisema Bucha, "na moja ina leseni."

Muuza viatu alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji mtu masikio yalimwaka moto, lakini hakuwa mtu wa kukubali kosa mbele ya mpiga dramu.

"Gitaa lisipolia roki itakuwa wapi?" alisema.

"Na mimi nilie lini?" aliuliza Jenereta. "Nimejinyoosha wiki nzima, shemeji. Nisubiri. Nikifunga mdomo, lia mpaka kesho."

"Tutaona ukumbini." Hakuongeza neno, ila aliongeza uamuzi: binamu yake atakaa pembeni ya jukwaa na maiki ya pili, ikiwa imewashwa. Akisikia mambo yameharibika, aingie.

Ukumbi ulikuwa na harufu ya rangi mbichi na viti ambavyo nailoni yake ilikuwa haijachanwa. Mzee fundi redio alichagua kukaa jirani na spika, kiganja juu ya sanduku lake, akiisikiliza kama daktari. Nyimbo za haraka zilipita salama, watu wakacheza, mambo yakawa mambo. Kila Jenereta akigeuka alimwona muuza viatu pembeni, maiki mkononi, kama mtu aliyeshika mwavuli akiangalia mawingu.

Ukafika ule wa polepole.

Watu walirudi vitini. Alipokaribia mwisho, hofu ilimshuka mabegani, na ndani ya hofu ule mtetemo wa zamani ukaja, mzima, na adabu zake zote za miaka mingi: nipishe, nipite. Alishusha mabega. Akalegeza taya. Akaiachia pumzi kama anayemshusha mtoto aliyelala.

*Fungua.*

Likasimama. Mhudumu aliyekuwa na sinia la soda alisimama nalo. Jenereta aliona kwa pembe ya jicho kidole cha shemeji yake kwenye waya: kimebonyea, kimekakamaa, kucha imekuwa nyeupe. Kidole kilikuwa kinataka. Na hakikutikisika. Akajua kumbe hayuko peke yake katika kazi ya kujizuia. Akaendelea kushika, mpaka akaona mwanamke wa kiti cha mbele ameshika mkono wa jirani yake bila kumwomba. Hapo ndipo akaliachia litetemeke, kidogo, kama mtu anayepunga mkono kutoka dirishani, akafunga mdomo.

Kukawa kimya kidogo. Kisha gitaa likalia. Na lililia, jamani, maana lilikuwa limesubiri! Ukumbi ulilipuka, Bucha akapiga kila kilichokuwa mbele yake, na sina hakika vyote vilikuwa dramu.

Walipokuwa wanakusanya vitu, muuza viatu alimpa Jenereta ile maiki ya pili. Ilikuwa imezimwa.

"Umeizima saa ngapi?" aliuliza Jenereta.

"Tangu wimbo wa pili, dada. Betri iishe bure kwa nini?"

Shemeji mtu alikuja mwisho, gitaa begani, akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Jenereta alikuwa anakunja waya wa maiki yake, kiganjani, kiwikoni, kiganjani, kiwikoni.

"Shemeji," alisema fundi.

"Abee."

"Jumamosi, ule wimbo wa haraka... mwisho wa ubeti wa pili... nilikuwa naomba uniachie mimi. Nitikise kidogo."

"Ubeti wa pili?"

"Wa pili tu. Nyingine zote zako."

Jenereta alifunga waya kwa fundo, akaupiga piga kama mtu anayelaza mto.

"Nenda kalete soda, shemeji," alisema, "iliyo baridi. Halafu tukae, tuzungumze."