Ndege Waliponyamaza Lejnieki

Skaidrite alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja, na mtu anayepita njia zilezile muda wote huo hakosi kujua nani kabadilisha mbwa, paa la nani linavuja, na mtufaha wa nani umetangulia kuchanua. Alipostaafu baiskeli akaiegesha ghalani, lakini macho hayakustaafu. Kila asubuhi alivaa mabuti ya mpira, akafunga kitambaa kichwani, akazunguka ua mzima wa Lejnieki, shamba lao: mitufaha, bwawa, kitalu cha vitunguu, mpaka ukingoni mwa shamba la shayiri. Akirudi huandika daftarini. Siku theluji ilipoachia ukuta wa kusini. Siku kwezi wa kwanza alipotua kwenye kisanduku walichomtundikia. Siku ya chura wa kwanza bwawani. Na zaidi ya yote, siku ya kipozamataza, kile kindege cha rangi ya udongo kinachopaa wima juu ya shamba huku kikiimba, kwa maana huyo akiimba ndipo wazee wa huko husema ardhi imeamka.

Alikuwa na sharti moja. Hakuandika la kuambiwa. Alichokiona kwa macho yake na kukisikia kwa masikio yake ndicho kilichoingia, kingine hapana, hata kama aliyeleta habari ni kasisi. Kwa sababu hiyo watu walimwamini. Zenta, jirani wa ng'ambo ya kijito, hakuwahi kuchomeka hata kitunguu ardhini kabla ya kumuuliza.

Mwaka huo majira ya baridi yalikuwa marefu na Skaidrite aliumwa na masikio mwezi wa Februari. Akajitibu mwenyewe kama mama yake alivyokuwa akifanya, kwa pamba na mafuta ya kafuri, maumivu yakaisha, akayasahau. Machi ikafika. Vimaua vya manjano vile visivyosubiri majani vikachomoza kando ya mtaro. Mumewe, Evalds, akatoboa miti miwili ya gome jeupe nyuma ya ghala, akatia mirija, na maji matamu ya mti yakaanza kugemeka ndooni. Skaidrite alisimama akitazama tone likianguka, kisha jingine, na kuna kitu kilimkera asijue ni nini. Ilimchukua hadi jioni kung'amua. Matone hayakuwa na mlio.

Alijiambia ni upepo. Kwezi walipokuja akawaona juu ya kisanduku, koo zimevimba, mabawa yakitetemeka, midomo wazi, nao pia akawasingizia upepo.

Kisha siku moja Zenta akapaza sauti kutoka ng'ambo ya kijito, kwa ishara nyingi za mikono, kwamba kipozamataza yuko juu ya shayiri siku ya tatu sasa, je, apande njegere? Skaidrite akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya shambani. Matope yalimfika juu ya vifundo vya miguu. Akasubiri. Na kweli, ndege akainuka kutoka mtaroni mbele yake, akapanda, akapanda, mabawa yakipepea bila kupumzika, mpaka akawa nukta mbinguni, akatulia pale. Skaidrite aliijua kazi ile. Ndege hapandi namna ile ila anaimba. Akavua kitambaa kichwani, akafungua mdomo kidogo kama watu wafanyavyo wakitega sikio. Mbingu ilikuwa kimya kama chumba kisicho na mtu.

Akarudi nyumbani, akafungua daftari, akaandika: Machi 27, kipozamataza, anaimba. Ulikuwa uongo wake wa kwanza mle ndani.

Hakumwambia mtu. Alikuwa akimkumbuka mama yake, ambaye masikio yaliziba akiwa na miaka sabini, umri uleule aliokuwa nao Skaidrite sasa. Mama alikaa mwisho wa meza, akicheka wenzake wakicheka, kwa kuchelewa kidogo. Baadaye aliacha kucheka. Baadaye zaidi aliacha kuja mezani, na watu wakaona afadhali, maana kupiga kelele kunachosha. Skaidrite alikuwa mmoja wa walioona afadhali, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Tena kulikuwa na Gunta, binti yao, aliyekuwa mjini Riga na ambaye tangu mwaka juzi alikuwa akisema kwamba wazee wawili hawawezi kuishi peke yao bondeni, mbali na hospitali. Chumba kilikuwa tayari, ghorofa ya tano, chenye dirisha la kutazama ukuta. Gunta alikuwa anangoja sababu tu.

Basi Skaidrite akajificha. Simu alimwachia mumewe. Birika aliliangalia kwa macho badala ya kungoja lipige filimbi. Lakini kujificha kwa mtu mnayelala kitanda kimoja ni kazi ngumu. Siku moja Evalds aliingia akipangusa viatu, akasema, "Korongo karudi."

"Mlango?" akajibu Skaidrite. "Umeufunga mwenyewe, unaniuliza mimi?"

Evalds akamtazama kidogo. Kisha akasogea mpaka mbele ya uso wake na kusema polepole kwamba korongo karudi kwenye nguzo yenye kiota chake, yuko na mwenzake, wanagonga midomo kama watu wanaopura maharage. Skaidrite akaenda dirishani, akawaona, akaandika.

Kutoka siku hiyo jambo la ajabu likaanza. Evalds, ambaye miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kuinua kichwa kumtazama ndege asiyeliwa, akawa anatoka alfajiri kabla ya mkewe na kurudi na taarifa. Alizitoa akiwa amesimama mbele yake, kwa sauti nene, kama mtu asomaye tangazo, naye Skaidrite akaziandika. Kwezi wa leo anaiga mlio wa lango letu. Vyura wameanza, si wengi. Mwishoni mwa Aprili akaingia na kipande cha mkate mweusi, akamtia mkononi. "Kekeo analia kule msituni, bibi. Kula upesi, mwaka usije ukakukuta na tumbo tupu." Wazee wa huko husema anayemsikia ndege huyo mara ya kwanza akiwa na njaa atashinda njaa mwaka mzima. Skaidrite akala, akiwaza kwamba uzee unamfanya mzee wake kuwa mpole, na akashukuru tu kwamba hajagundua lolote.

Jumamosi ya kwanza ya Mei, Gunta alikuja kuwasaidia kuandaa shamba la viazi. Skaidrite alikuwa amechuchumaa njiani, akitazama vimaua vya buluu vilivyojipenyeza kwenye changarawe, amelipa lango mgongo. Gari likaingia. Gunta akapiga honi, akapiga tena, akakanyaga breki, na gari likasimama hatua mbili kutoka kwa mama yake, ambaye aligeuka tu alipoona kivuli.

Chai ilinywewa kwa uzito. Gunta alikuwa amepauka. Alisema aliyoyasema kwa sauti ya juu, na kwa mara ya kwanza Skaidrite alisikia kila neno, kwamba ingekuwa dereva mwingine sasa hivi wangekuwa wanaongea mengine, kwamba hili limekwisha, vitu vitafungwa kabla ya majira ya joto.

Skaidrite aliweka kikombe chini. "Sisikii," akasema. "Tangu Machi. Nimeandika uongo daftarini mwangu, na baba yako nimemdanganya vilevile."

"Mimi hujanidanganya," akasema Evalds.

Wote wakamgeukia. Alikuwa akikata jibini, na aliendelea kuikata.

"Mimi kwezi na kunguru siwatofautishi, bibi. Unafikiri kilichokuwa kinanitoa kitandani saa kumi na moja ni nini? Nilikuwa naenda kwa Zenta kuuliza ni ndege gani anayelia."

Skaidrite alitaka kucheka, akajikuta analia, akalia akiwa na kijiko mkononi. Akamuuliza kwa nini hakumwambia. Evalds akajibu kwamba alingoja aambiwe, kwa kuwa mtu ana haki ya kutangaza habari zake mwenyewe. Gunta akasema, kwa upole sasa, kwamba mambo ya chumba yangoje, kwanza waende kwa daktari. Jambo hilo, ajabu, lilikuwa halijamjia yeyote kati ya wale wazee wawili. Walikuwa wamekwisha kukubali kwamba ni uzee.

Jumatatu, Gunta aliwapeleka zahanati ya mji mdogo wa jirani. Daktari, mwanamama kijana mwenye nywele fupi, alimulika sikio la kulia kwa muda, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Skaidrite alimtazama usoni na moyo ukamshuka. Alikuwa amejifunza kusoma nyuso mwaka huo. Daktari akaandika karatasini na kumsogezea: Ulitia nini humu?

Pamba, akasema Skaidrite. Pamba na kafuri. Lakini niliitoa.

Daktari akatikisa kichwa kwamba hapana, hakuitoa yote. Wakamfunga taulo begani, wakampa bakuli alishike chini ya sikio, na maji ya uvuguvugu yakaanza kuingia. Kulikuwa na kizunguzungu, kisha kitu kikaachia ndani ya kichwa kama kizibo cha chupa. Bakulini kikaanguka kibonge cheusi cha nta chenye nyuzi za pamba. Mara chumba kikajaa. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Kiti cha muuguzi kililia. Nje mtu alikuwa anafagia, na kila fagio lilivyokwaruza sakafu Skaidrite alilisikia mgongoni. La kushoto lilikuwa nta tupu, nalo likazibuka.

"Bibi, unanisikia?" daktari akauliza kwa sauti ya kawaida.

"Nakusikia, mwanangu, na tumbo lako pia nalisikia. Hujala tangu asubuhi."

Daktari akacheka mpaka akakaa. Halafu akapima kwa mashine, akasema ukweli wake: umri nao umechukua sehemu yake, hasa upande wa kushoto, na baada ya miaka kadhaa huenda akahitaji kifaa. Lakini huu haukuwa uziwi kama wa mama yake. Na kafuri na pamba, marufuku. Evalds, aliyekuwa amesimama mlangoni akipindapinda kofia, akatoka nje ghafla. Walimkuta kando ya gari akipenga kamasi kwa kelele, akidai ni chavua za miti.

Wakirudi, Skaidrite alimwomba Gunta asimamishe gari penye shamba la shayiri. Shayiri ilikuwa imefika shubiri moja. Hawakungoja sana. Ndege aliinuka, na sauti ikainuka naye, nyembamba, yenye kumiminika bila kituo, kana kwamba mtu huko juu amefungua gunia la shanga na hajui kulifunga. Skaidrite alisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Gunta naye akatoka garini. Alikuwa mtoto wa pale, lakini alikuwa hajasimama shambani kumsikiliza ndege huyo tangu alipomaliza shule. Hakusema neno lolote la ghorofa ya tano, siku hiyo wala wiki iliyofuata.

Nyumbani Skaidrite alifungua daftari na kupiga mstari juu ya tarehe ishirini na saba ya Machi, akaandika pembeni: Zenta ndiye aliyesikia. Kwa zile taarifa nyingine za Aprili aliandika jina la mumewe, na hakuzifuta.

Viazi walivipanda Alhamisi, miti ya mtoni ikiwa imechanua maua meupe na baridi kidogo imerudi, kama inavyorudi kila mwaka miti hiyo ikichanua. Evalds alitangulia na jembe, Skaidrite akifuata na ndoo, akiweka kiazi hatua kwa hatua. Katikati ya mtaro wa tatu Evalds alinung'unika, chini kwa chini, kwa ile sauti ambayo majira yote yale ilikuwa salama kabisa, kwamba kuna watu huweka viazi kama wanatandika vitanda vya wageni.

"Nimesikia hiyo," akasema Skaidrite nyuma yake.

Evalds akasimama, akaegemea jembe, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.