Saluni Yangu ya Newala

Nilipoamua kufungua saluni nyumbani Newala, walikuwepo wawili wa kunifundisha. Mmoja alikuwa mama jirani yetu, aliyesuka wanawake barazani kwake tangu sijazaliwa. Mwingine alikuwa mwenye saluni kubwa ya Masasi, yenye vioo ukuta mzima na bomba lililotoa maji kila ulipolifungua. Wanafunzi wake walimwita Madamu.

Nilimchagua Madamu, nikakaa kwake miezi mitano. Sina la kumlaumu. Alinifundisha kwa moyo kuosha nywele, kuzitia dawa ya kulainisha, na kuongea na mteja mwenye hasira. Aliponiuliza kwetu kukoje, nilijibu kwamba Newala ni mji kama Masasi. Nilitaka anione mtu wa mjini.

Niliporudi na kupanga chumba karibu na soko, mama jirani alikuja kukiangalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pazuri. Na maji?"

"Nitanunua kwa bodaboda."

"Kila siku watakuletea?"

Nilicheka. Moyoni nilisema ananionea wivu.

Bibi harusi wangu wa kwanza alikuja asubuhi pamoja na mama yake. Ndoa ilikuwa siku hiyo hiyo, baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa na dumu moja la maji, na mchuuzi wa maji alikuwa ameniahidi mengine manne kabla ya saa nne. Bibi harusi alikuwa na haraka. Nikampaka dawa.

Saa nne ikapita. Nikampigia mchuuzi. Alikuwa amekwama njiani, tairi limepasuka.

"Dada, inaanza kuwasha," bibi harusi akasema.

Nikaanza kumsuuza. Dumu likaisha dawa ikiwa bado imejaa upande wa nyuma wa kichwa. Nikampigia Madamu, mkono ukiteleza kwa dawa.

"Suuza haraka! Usiiache hata dakika!"

"Maji yameisha, Madamu."

"Fungua bomba la nje."

"Hakuna bomba."

Nilisikia maji yakimwagika huko kwake, mtu anaoshwa nywele. Kisha akasema taratibu, "Sasa mimi nifanyeje, mdogo wangu?"

Nilitoka mbio hadi kwa majirani wa soko. Mmoja alinipa chupa ya maji ya kunywa, mwingine birika lenye chai. Niliporudi bibi harusi alikuwa amepiga magoti sakafuni, analia, mama yake anampepea kichwa kwa khanga. Mimi nimesimama na chupa ile. Nikammiminia yote. Haikufika popote.

Mama jirani alisikia kelele akiwa sokoni. Alirudi nyumbani na kuleta ndoo yake ya maji ya kupikia, imejaa, nusu ikamwagikia nguo zake njiani. Alimwosha bibi harusi yeye mwenyewe. Nywele zilitoka pamoja na maji, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu.

Mama wa bibi harusi hakunitukana. Alimfunga mwanawe mtandio, akamshika mkono, wakaondoka. Ningefurahi kama angenitukana.

Jioni Madamu alipiga simu. "Pole sana. Lakini mbona hukuniambia maji kwenu ni shida?"

Chumba nilikirudisha kwa mwenyewe. Nilimwendea mama jirani anifundishe kusuka, akaninyooshea vidole vyake. Vilikuwa vimevimba, havikunjiki tena. "Ungekuja mwanzo," alisema, bila ubaya wowote.

Siku hizi nauza mitumba Kitangari siku za gulio. Bibi harusi yule hupita na watoto wake wawili. Kisogoni nywele hazijaota. Namsalimia, ananiitikia vizuri, namuuliza habari za watoto. Nzuri, anasema. Nikishamaliza hapo sijui niongeze nini, nabaki nikikunja nguo ambazo tayari zimekunjwa.