Akiba Isiyouzwa Peke Yake

“Hivi Mama Nembo, kitu cha akiba si ndicho mtu anachouza akikwama?”

Aliyeuliza ni fundi viatu, jirani wa mlango wa pili, miezi minane iliyopita, akiwa na misumari midogo mitatu katikati ya midomo. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesikia mabishano kupitia ukuta wa mbao, naye akaona achangie. Mama Nembo alifungua mdomo amjibu, akakuta hana la kusema.

Leo analo jibu. Ila anayetakiwa kulisikia bado hajafika.

Ni saa tatu asubuhi. Chumba kiko ghorofa ya kwanza, kina upana wa hatua nne na urefu wa hatua sita, na nusu yake imeliwa na meza. Mama Nembo, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, anafumba macho kidogo, anamtaja Mungu, kisha anawasha mashine ya kutarizi. Chini ya sindano kunaanza kuota bawa la rangi ya dhahabu.

Ni nembo ya shule, na nembo yenyewe ni tai. Watoto mia na themanini wanamsubiri ndege huyu vifuani mwao shule zitakapofunguliwa Jumatatu. Mara ya kwanza alipomtarizi, miaka mitano iliyopita, mwalimu mkuu alimgeuza huku na huku, kisha akauliza kwa upole kama shule yake imekuwa banda la kuku. Fundi viatu naye alitaka kujua kwa nini mtoto avae tai shingoni na tai kifuani.

“Siku hizi anafanana na tai,” anasema Mama Nembo, bila kuondoa macho kwenye sindano. “Kuku nimemwacha sokoni.”

Siku ikiwa njema hutoa nembo sitini. Ukitoa uzi, umeme na kodi, kinachobaki hulisha nyumba na kulipa ada ya mtoto mmoja kati ya watatu. Ada ya wawili waliobaki huletwa na mumewe, dereva wa lori, ambaye hulala nyumbani siku tisa kwa mwezi.

Pembeni ya meza kuna viti viwili. Kimoja ni chake. Cha pili, cha mgeni, amekifuta mara tatu tangu asubuhi, na wala hakina vumbi.

Anayesubiriwa ni wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji wa sare za shule upande wa pili wa mji. Hajakanyaga hapa kwa miezi minane. Alhamisi Mama Nembo alimtuma mumewe na ujumbe mfupi: aje Jumamosi saa nne, na asije na hela. Jibu halikurudi. Mumewe hakulifuatilia. Tangu ugomvi uanze ana msemo wake mmoja, kwamba mwanamke mmoja amemuoa na mwingine amezaliwa naye, kwa hiyo yeye ni abiria tu.

Fundi viatu kila akimwona Mama Nembo kimya huuliza kama wifi bado haishiki, au labda ni mtandao.

Kiini cha yote haya kimo kwenye kopo la biskuti juu ya rafu. Ni diski.

Mashine ya kutarizi peke yake haijui kuchora. Programu ya kompyuta ndiyo huchukua picha ya tai na kuiambia sindano ianzie wapi, igeuke wapi, isimame wapi ibadilishiwe uzi. Tai mmoja ana mishono elfu sita na mia nne. Programu hiyo Mama Nembo aliinunua kwa pesa ambazo zingelipa kodi ya chumba hiki miezi saba, akakabidhiwa boksi jepesi lenye diski moja, namba ndefu ya kufungulia, na karatasi ya masharti iliyokunjwa mara nane.

“Nilirudi nyumbani nikilitikisa lile boksi njia nzima,” anakumbuka. “Nilikuwa nasikiliza kama pesa yangu imo.”

Muuzaji alimshauri atoe nakala moja aiweke mbali na ile halisi, maana diski ni kitu cha kukwaruzika. Akaitoa siku ile ile, akaandika juu yake kwa kalamu nene: AKIBA.

Ushauri ule ulimwokoa. Mwaka juzi kompyuta ilizima moja kwa moja siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Ilipotengenezwa, programu ikabidi iwekwe upya, na diski halisi ikagoma kusoma. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameigeuza kioo cha kuchania nywele, akaikwaruza. Mama Nembo akashusha kopo la biskuti, akaingiza ile ya akiba, ikasoma mara moja. Anasema alipiga magoti pale pale, juu ya vipande vya uzi, akashukuru.

Sasa huyu wifi. Anayemfahamu hamsahau, kwa sababu ya mdomo. Mumewe Mama Nembo husema dada yake huaga mara tatu: ndani, mlangoni, na kutoka barabarani. Kwenye simu yeye ndiye anayekata, na hukata akiwa amemaliza yeye. Hakuna mtu anayekumbuka siku ambayo neno la mwisho lilikuwa la mwingine.

Lakini mdomo huo huo, miaka kumi iliyopita, ndio uliosema “walete” kabla haujaulizwa. Mama Nembo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo na akalazwa miezi miwili. Wifi aliwachukua watoto wake wote watatu, akawachanganya na wanne wa kwake. Watoto saba, kitanda kimoja na mikeka. Hakudai hata kipande cha sabuni.

Kwa hiyo, miezi minane iliyopita, wifi aliponunua mashine ya kutarizi iliyotumika, akagundua imekuja bila programu, alijua pa kwenda. Alikuja Jumamosi moja na pesa mkononi. Hakutaka cha bure. Alitaka kuinunua ile diski ya akiba iliyokuwa imelala tu kwenye kopo. Mama Nembo alisema ndiyo kabla sentensi haijaisha. Wakapeana mikono. Ataichukua Jumatano.

Jumatatu iliyofuata kazi iliyokuwa mezani ilikuwa jezi ishirini na mbili za timu ya mpira ya ofisi moja ya serikali. Mgongoni lilitakiwa neno moja: HAKIMILIKI.

“Nikawa naliangalia lile neno linavyotoka, herufi moja moja,” anasema. “Lilipofika kwenye MILIKI nikajiuliza, na mimi kwenye lile kopo namiliki nini hasa?”

Karani wa ofisi ile, kijana mpole mwenye miwani, alipokuja kuchukua jezi, Mama Nembo alimwekea swali kwa njia ya mbali. Alimwambia kuna mama mmoja anamfahamu. Karani akacheka, akasema mama huyo huja ofisini kwao kila siku, na wakati mwingine huja akiwa ni baba.

Kisha akamweleza. Kwa kawaida ukinunua programu, unanunua ruhusa ya kuitumia, hununui haki ya kuisambaza. Nakala ya akiba unaweza kuitoa ikuokoe halisi ikiharibika, basi. Alimwonya pia kwamba sheria za nchi hazifanani neno kwa neno, na kila programu huja na masharti yake, hivyo mtu asome karatasi ya kwake. Wakaikunjua ya Mama Nembo, ile ya mikunjo minane, wakaipitia pamoja.

“Mama, ukipanga chumba, unaruhusiwa kuchonga ufunguo wa pili usije ukalala nje,” karani alimwambia. “Sasa ukiuuza ule ufunguo na wewe bado umo ndani, utakuwa umeuza nini?”

“Nitakuwa nimejiletea mpangaji mwenzangu,” alijibu.

“Na mwenye nyumba hana habari.”

Akamwonyesha na mlango ulio wazi. Masharti yale yalimruhusu kumkabidhi mtu mwingine programu yote kwa pamoja: boksi, diski halisi, namba, karatasi, pamoja na hiyo akiba, aifute kwenye kompyuta yake, na mwenye mpya aandikishwe kwa fomu. Mama Nembo akauliza hiyo halisi isiyosoma ya nini tena, si aitupe. Karani akatikisa kichwa.

“Moja ina haki, nyingine ina afya,” alisema. “Zisiachane.”

Lakini kukabidhi yote kulikuwa na maana ya kubaki bila kazi. Jumatano wifi alipokuja, Mama Nembo alimwambia hapana. Alijaribu kueleza habari ya ufunguo, ikatoka vibaya, kama anayemwita mwenzake mwizi.

Wifi alimsikiliza akiwa amesimama. “Kumbe watoto wako watatu nilipowalaza kwangu,” alisema, “nilitakiwa kwanza nikuonyeshe leseni.”

Aliyasema tena mlangoni. Aliyasema tena akiwa barabarani. Ndipo fundi viatu akaja na misumari yake mdomoni na swali lake la akiba.

“Lile swali lilinikaa,” anasema Mama Nembo. “Mahindi ya akiba unauza. Mbuzi wa akiba unauza. Mtu atakuelewaje ukimwambia hii ni akiba, lakini si ya kuuza? Hata mimi nilikuwa sijajielewa.”

Tangu siku hiyo alianza kufungua Jumapili mchana, baada ya ibada, akatarizi mashuka na taulo za nyumba za wageni. Wiki mbili zilizopita alinunua programu mpya, nzima, yenye boksi lake na namba yake. Hajifanyi mtakatifu. Anakiri kwamba aliitamani hata kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu ile ya zamani mpaka leo haijui kumpa tai kucha. Lakini kilichomfanya ainunue sasa, asingoje zaidi, ni wifi. Shule moja kubwa imemwomba sweta mia nne kwa muhula ujao, kazi aliyokwisha kuikataa mara mbili kwa kuwa sindano yake ni moja. Matumaini yake ni kwamba safari hii ataipokea kwa sindano mbili, moja hapa na nyingine upande wa pili wa mji, na kwamba Jumamosi zote kuanzia sasa zitakuwa za kufundishana.

“Kama atakuja,” anasema, na anaangalia saa ya ukutani.

Saa nne inapita. Saa nne na dakika kumi, ngazi zinalia. Mama Nembo anazima mashine, na tai anabaki na bawa moja.

Mlangoni amesimama mwanamke mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni, kama aliyetoka kazini akasahau kuivua. Macho yake yanazunguka chumba chote kabla hajasalimia.

“Nimeambiwa nisije na hela,” anasema. “Nikajua nimeitwa kufagia.”

“Ufagio uko nyuma ya mlango, wifi. Karibu.”

Anakaa. Kile kiti kilichofutwa mara tatu anakipangusa tena kwa kiganja. Anaangalia mashine, anasema ndege huyo ana bawa moja, kama mume wa mtu, siku tisa kwa mwezi. Mama Nembo anacheka kuliko utani wenyewe unavyostahili. Nyuma ya ukuta wa mbao, nyundo ya fundi viatu imenyamaza.

Mama Nembo anashusha kopo la biskuti na boksi la zamani, anahamishia diski ya akiba ndani ya boksi, kando ya ile halisi. Anageuza kompyuta imwelekee mgeni, anamwonyesha programu mpya na ile ya zamani, kisha anabonyeza. Kompyuta inauliza kama ana uhakika. Anabonyeza tena. Ile ya zamani inatoweka.

“Umeona? Usije ukasema nimebakiza mguu ndani.”

“Na leseni nikuulize?”

“Niulize.”

Anamsogezea ile karatasi ya mikunjo minane, na fomu ya mwenye mpya aliyoletewa na muuzaji. Jina la mwenye wa kwanza limeshakatwa. Wifi anasoma fomu yote, kidole kikitembea chini ya kila mstari, midomo ikicheza. Anafika mwisho, anaomba kalamu, anatia sahihi taratibu kama mtoto wa shule. Kisha anauliza bei.

“Watoto saba, kitanda kimoja, miezi miwili,” anasema Mama Nembo. “Ulinipa risiti?”

Wifi anafungua mdomo. Fundi viatu, ambaye hawezi tena kuvumilia ukuta, ametokea mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, na uso wake unaonyesha amekuja kusikiliza sentensi ya mwisho.

Wifi anazitazama zile diski mbili ndani ya boksi. Ile halisi, yenye mkwaruzo. Na ile ya pili, ambayo kalamu nene imeongezwa juu yake juzi, wino bado mweusi tititi. Zamani ilikuwa imeandikwa AKIBA. Sasa imeandikwa AKIBA YA WIFI.

Anatia karatasi ya masharti ndani, anafunga boksi. Anainuka, anaivua ile futi shingoni, anaizungushia boksi mara mbili na kuifunga fundo. Fundi viatu anampisha. Mama Nembo anasubiri kuagwa kwa ndani, anasubiri kuagwa kwa mlangoni, anasogea dirishani kusubiri kuagwa kwa barabarani.

Wifi anashuka ngazi na boksi kifuani, anavuka barabara, na anakwenda zake bila neno jingine.