Mkalimani wa Blanketi

Kazini walimwita Viraka, naye hakuchukia. Jina lake la kwenye kitambulisho wenyeji wa nchi ile hawakuweza kulitamka bila kuling'ata katikati, na hili la utani angalau lilitokana na jambo alilolipenda. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, chini kabisa ya jengo, ambako joto la mashine lilikausha hata mate mdomoni. Shuka likichanika au pazia likichakaa hata likatupwa kwenye pipa la matambara, Viraka alimwendea msimamizi, akalionyesha kwa kidole, akajigusa kifua. Msimamizi alicheka na kumwachia. Hivyo mkoba wake ulikwenda kazini mtupu ukarudi umevimba.

Jioni, akishakula na kuosha vyombo, alikaa kitako karibu na dirisha, miguu ameinyoosha, akakata, akapanga, akaunga. Alishona foronya, vifuko, matandiko ya watoto wachanga wa majirani. Cherehani hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo asingethubutu kuitumia, maana jirani wa chini alikuwa na ufagio maalumu wa kugongea dari. Kazi yote ilikuwa ya sindano na vidole.

Chumba hicho aliishi na shoga yake, ambaye nyumbani walimpachika jina Chiriku tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Walitoka mtaa mmoja. Chiriku ndiye aliyetangulia ugenini, na ndiye aliyempokea mwenzake stendi, siku aliyoshuka kwenye basi na begi ambalo zipu yake ilikuwa imekufa na kufungwa kwa kamba. Alimtafutia kazi pale pale hotelini alipofanya yeye, akamfundisha kuwasha jiko la kule, akamkatia nusu ya kabati. Hayo Viraka hakuyasahau, na hata baadaye, alipokuwa na sababu zote za kuyasahau, hayakumtoka.

Lugha ya kule ilikaa kinywani mwa Chiriku kama aliyezaliwa nayo. Kwa Viraka ilikuwa kama ugomvi wa watu walio upande wa pili wa ukuta: sauti anazisikia, kinachogombewa hakijui. Kwa hiyo iwe kwa daktari, iwe kwa mwenye nyumba, Chiriku alisema, na Viraka aliitikia kwa kichwa. Mama yake Chiriku naye, akipiga simu kutoka nyumbani na kumkosa bintiye, ambaye kupokea simu za mama kulimwia vigumu kuliko kubeba mawe, alimpigia Viraka.

"Mwanangu, huyo mwenzako mzima?"

"Mzima, mama. Yuko kazini."

"Haya. Mwambie mimi bado sijafa." Kisha kizee kilicheka, na Viraka akacheka naye.

Mama yake Viraka ndiye aliyekufa. Alikufa vibali vya Viraka vikiwa bado ofisini havijajibiwa, na kutoka nchini wakati ule kungekuwa kutoka moja kwa moja, bila ruhusa ya kurudi. Kaka yake alimwambia kwenye simu, "Usije, dada. Tumemzika vizuri. Lia huko huko." Akalia huko huko, kifudifudi, na Chiriku akamkanda mgongo na kumwombea ruhusa kwa msimamizi.

Miezi ikapita, akaja msafiri na furushi kutoka kwa kaka. Zilikuwa nguo za marehemu. "Wewe ndiye binti," kaka alisema. "Hatukujua tuzifanyeje." Furushi lilikaa uvunguni. Siku alipolifungua, harufu ya mama ikatoka kama mtu aliyekuwa akisubiri afunguliwe mlango, na Viraka akalifunga upesi. Alirudia hivyo mara kadhaa. Mwishowe akachukua mkasi.

Hakuwahi kushona kwa hofu kama ile. Gauni la kazi, la miraba ya buluu, ambalo mgongo wake ulikuwa umepauka kwa jua. Sketi nyeusi ya siku za heshima. Blauzi ya maua ya njano ambayo mama aliinunua kwa kukaidi, baada ya watu kumwambia kwamba umri wake si wa njano. Kila kipande alikipiga pasi, akakishikiza kwa bandi, akakiunga na mwenziwe. Na katikati ya blanketi aliweka mfuko wa aproni, mzima mzima, bila kuufumua. Mama alikuwa haondoki nyumbani bila kuupigapiga mfuko huo kwa kiganja. Akisikia funguo zikilia ndani, anasema, "Haya, sasa dunia na ije."

Chiriku alikaa kitandani akila karanga na kuuliza. "Na hiki kilikuwa nini? Na hii njano?" Viraka alimweleza. Kuna mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata kaka yake, lakini alimwambia yeye, kwa sababu sindano ikiwa mkononi ulimi hulegea. Alipofika kwenye mfuko alinyamaza kidogo, kisha akaupigapiga, kama mama.

Blanketi lilipokwisha, Chiriku alilitandaza kitandani na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema. Siku chache baadaye akaja na habari. Ukumbi wa mtaa ulikuwa unaandaa maonyesho ya kazi za mikono. "Twende," alisema. "Watu walione. Mimi nitasema, wewe usihangaike."

Wakaenda. Mama wa ukumbi, aliyesimamia maonyesho, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Viraka alifungua blanketi juu ya meza, akaeleza kipande kwa kipande, na Chiriku akatafsiri. Sentensi fupi ya Viraka ilitoka upande wa pili ndefu kama treni.

"Mimi nimesema maneno matano, wewe umehutubia!" Viraka alisema.

"Lugha yao ndiyo ndefu," Chiriku alimjibu bila kugeuka.

Mama wa ukumbi alivaa miwani, akaivua, akafuta macho. Akamshika Chiriku mikono yote miwili. Viraka alitabasamu pembeni. Aliona ajabu kidogo kwamba mama yule hakumtazama hata mara moja, lakini akajiambia kwamba ndivyo watu walivyo, humtazama anayesema.

Kabla ya maonyesho, hoteli iliwataka wafanyakazi wasiojua lugha wahudhurie darasa la jioni. Viraka alikaa nyuma. Mwalimu aliinua kadi za picha: mkate, mlango, baba, mama. Wakafundishwa kusema yangu na yako. Viraka alirudia maneno hayo njiani kuelekea nyumbani, akiyatafuna kama mtoto anayeota meno, na Chiriku alimcheka. "Ya nini kujitesa? Mimi si nipo?"

Siku maonyesho yalipofunguliwa, mchana, ukumbi ulijaa watu, vyungu, vikapu na vinyago vya mbao. Blanketi lilitundikwa ukutani, mahali pa wazi kuliko vyote. Viraka alichelewa kwa sababu zamu yake haikuisha mapema. Alipoingia alikuta kundi limelizunguka, na Chiriku amesimama mbele yake, amevaa gauni jipya, anasema.

Viraka alisimama nyuma ya watu, moyo umejaa. Ndipo lile neno likamfikia. Lilitoka katikati ya kelele kama uso wa mtu unayemjua sokoni. *Mama.* Na lililofuata lilikuwa *yangu*.

Akadhani amesikia vibaya. Masikio ya mwanafunzi huota. Lakini Chiriku alilisema tena, mkono kifuani. Mama yangu. Akaonyesha maua ya njano, watu wakacheka, kama ilivyostahili kucheka pale. Kisha akafika kwenye mfuko. Akanyamaza kidogo, pale pale ambapo Viraka alinyamaza. Akaupigapiga kwa kiganja. Akasema jambo fupi, na mwanamke mmoja mbele akaweka mkono mdomoni.

Laiti angelikosea, laiti angelisema mfuko ulikuwa wa peremende au wa sindano, Viraka angepata pa kushika. Hakukosea hata kidogo.

Viraka alipenya hadi mbele. Akamshika mama wa ukumbi mkono, akakusanya maneno yote aliyokuwa nayo duniani. "Mama yangu," alisema, akijipiga kifua. "Mama yangu, kufa. Hii, mama yangu."

Mama wa ukumbi alimgeukia Chiriku amweleze.  Chiriku akasema jambo kwa sauti ya chini, ya huruma. Uso wa mama wa ukumbi ukalainika. Akamkumbatia Viraka, akamwambia pole, neno ambalo mwalimu alikuwa amewafundisha juma lile. Watu walimtazama kwa upole. Mtu mmoja akamletea kiti.

Akakikalia. Afanye nini? 

Siku iliyofuata walipangiwa meza moja, kukunja shuka za vitanda vikubwa. Shuka hizo hazikunjwi na mtu mmoja. Unashika pembe mbili, mwenzako mbili, mnavuta, mnakaribiana, mikono inagusana, mnatengana. Walikunja fungu zima kimya. Chiriku ndiye aliyeshindwa.

"Sema basi. Nitukane."

"Ulimwambia nini, jana, nilipomshika mkono?"

Chiriku alivuta pembe zake. "Nilimwambia kwamba mama alikulea na wewe. Kwamba ulizoea kumwita mama."

"Mama yangu mwenyewe, alinilea na mimi?"

"Nilibanwa! Ningesema nini mbele ya watu wote wale?"

"Na siku ya kwanza? Nani alikubana siku ya kwanza?"

Walikaribiana, pembe zikakutana. Chiriku hakuachia upande wake. "Siku ya kwanza yule mama aliniuliza, hii umeshona wewe? Hivyo tu. Alinitazama kama... Wewe hujui. Tangu nifike huku hakuna aliyenitazama hivyo. Mimi ni mdomo tu, natumwa na kila mtu, mwambie hiki, muulize kile. Nikasema ndiyo. Ikishatoka, utairudishaje?"

"Mama yako yuko hai," Viraka alisema. "Juzi alinipigia. Alikuulizia kama unakula."

Chiriku aliachia shuka. Lilianguka sakafuni, na msimamizi akapiga kelele kutoka kwenye mashine.

Viraka alikwenda ukumbini peke yake kulidai blanketi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Mama wa ukumbi alimsikiliza kwa subira, kisha akamjibu polepole kama anayeongea na mgonjwa: rafiki yako, mwenye kazi, yeye ndiye aseme. Viraka alifikiri kumwita mwalimu wa darasa amsaidie. Lakini amwambie nini? Kwamba mtu amemwibia mama yake? Kwa maneno ya mkate na mlango? Alirudi nyumbani na mikono mitupu.

Maonyesho yalipofungwa, Chiriku alilileta blanketi ndani ya mfuko wa karatasi, akaliweka kitandani kwa Viraka.

"Wamelitoa hivi hivi?" Viraka aliuliza.

"Nimewaambia unaumwa. Kwamba unalihitaji kujifunika." Akatazama chini. "Wamekutumia salamu. Wanasema upone."

Kwa hiyo hata kurudi lilirudi kwa uongo. Mpaka leo, mtaa ule, anayesifiwa kwa lile blanketi ni Chiriku, na kuna mgonjwa mmoja anayeonewa huruma.

Viraka alimsimulia kaka yake. Kaka akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada." Halafu akasikia alichokisema, wakacheka wote wawili, kicheko kibaya, cha kuumiza mbavu, na Viraka ndiye aliyemaliza kwa kulia.

Akahama kabla ya mwezi kwisha. Chiriku alimsaidia kushusha begi ngazini. Msimamizi, kwa ombi la Viraka la ishara, aliwapanga zamu tofauti. Wakipishana mlangoni husalimiana, maana walitoka mtaa mmoja na salamu haigomewi. Chiriku siku hizi anaongea kidogo. Wengine wanadhani ni uchovu.

Mama yake Chiriku aliendelea kumpigia Viraka. Mara ya kwanza baada ya kuhama, Viraka aliitazama simu ikilia, akaiacha, ikalia tena, akapokea.

"Mwanangu, mbona kimya? Mmegombana?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Mimi binti yako alinizikia mamangu mara ya pili, na wewe akakuzika ungali unapumua. Alilisikia kabisa likipanga foleni.

"Nimehamia karibu na darasa, mama," alisema. "Mwenzangu hajambo. Nitamwambia akupigie."

Hakumwambia. Alikata simu, akakaa, akajiona naye ni mwongo, na hasira ikampanda upya, kwa sababu uongo huo pia aliusema kwa ajili ya Chiriku.

Chumba chake cha sasa anaishi na mwanamke wa taifa jingine, mpishi katika shule, na wawili hao hawana lugha hata moja ya kuelewana zaidi ya maneno ya darasani. Wanaonyeshana kwa vidole. Viraka amerudi kuunga viraka, mapazia ya hoteli na shuka zilizochanika, si nguo za mtu. Juzi mpishi alishika kona ya kazi iliyokuwa mapajani mwake, akaonyesha kipande chekundu cha pazia la hoteli, akainua nyusi akiuliza kilitoka wapi.

Viraka alimtazama kwa muda. Kisha akamwambia, kwa lugha ya kule, neno lililo sahihi kabisa: "Sijui."