Mtindi kwenye kidonda

Juzi nilimpeleka mama zahanati Chanika kusafishwa kidonda. Aliyetutangulia alikuwa mzee mwenye kisukari. Nesi alipomfungua bandeji mguuni, akakunja uso.

"Baba, umepaka nini?"

"Mtindi, mwanangu. Redioni wamesema wataalamu wanatia bakteria wazuri kwenye bandeji, kidonda kinapona haraka."

Nesi akashusha pumzi. "Hao wanachaguliwa maabara, baba, na bado wanajaribiwa. Sio hawa wa kwenye jagi."

Mguu ulishaanza kuwa mweusi, nesi akamwandikia rufaa ya hospitali. Mzee akauliza taratibu, "Sasa hiyo bandeji yenyewe inapatikana wapi?"

"Hapa hata ya kawaida imetuishia."

Nilitaka kumkasirikia mzee, nikashindwa. Sisi waandishi wa magazeti na redio tumemfikishia habari ya dawa. Dawa yenyewe sijui nani atamfikishia.