Ukuta wa Matope Haukandikwi kwa Maji

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nikiwa kijana bado, nimeketi nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Nyalenda, nikila mgongo wazi. Ndivyo tulivyoiita mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, baada ya kiwanda kuondoa minofu yote na kuipeleka Ulaya. Mimi mwenyewe nilikuwa mkata minofu. Mchana kutwa nyama nyeupe ilipita mikononi mwangu, jioni narudi na mifupa. Ajabu ya dunia hiyo!

Binti yangu Adhiambo alikuwa ametoka hospitali. Kuhara kulikwisha, nguvu hazikurudi. Tuliamini samaki, yai na maharagwe humrudishia mgonjwa kuhara, kwa hiyo tukampa chai ya rangi na uji mwepesi tu. Jioni ile akanyoosha mkono kwenye sahani yangu. Nikausogeza pembeni, kwa upole, nikidhani ndiyo malezi.

Mama yangu, aliyekuja kutoka kijijini kwetu Seme kumwona mjukuu, akaacha kula.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "ukuta ya matope ikinyeshewa, unakandika na maji peke yake? Kuhara imechubua tumbo ya mtoto ndani. Uji ni sawa, lakini mpatie na kitu ya kujenga."

Akachambua nyama iliyobaki kwenye mifupa, akaiponda ndani ya uji, akamlisha. Kesho yake akanunua omena, dagaa wa ziwani, akaisaga. Adhiambo akaanza kucheka tena. Niliona aibu, kisha nikatumaini, na matumaini ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Kuhara kulirudi mwili ukingali mtupu. Tulimzika Seme.

Sisemi samaki angemwokoa. Miaka ilipopita daktari mmoja aliniambia protini huenda husaidia utumbo kujitengeneza baada ya maradhi, ila kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kuapa. Hakika hiyo nimeitafuta mpaka leo. Sitaipata.

Basi, mwanangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtoto hajengwi upya. Akihara, mpe maji ya kutosha na umkimbize hospitali. Akianza kula, usimnyime samaki, yai, maziwa wala maharagwe kwa woga wa kurithi. Mungu akujalie wanao wakuzike wewe, si wewe uwazike wao. Na mkono mdogo ukinyooshwa kwenye sahani yako, usiusogeze.